Barakoa ya Mama na Mkamwana Wake

Mashine ya mama niliinunua mimi. Naanza na hilo kwa sababu kule kijijini kwake Nyanungu wanasema mama alipona kwa mikono ya mkamwana wake.

Mimi ni tabibu mwenye stashahada. Ada nilijilipia mwenyewe, mchana darasani, jioni kwenye cherehani huko Mwanza, na niliporudi Tarime nilijenga mtaa wa Nyamisangura nyumba ya vigae yenye choo ndani. Katika ukoo wetu hakuna mwingine, mwanaume au mwanamke, aliyefika hapo bila kushikwa mkono.

Mama alizaa mabinti watupu. Kwetu Wakurya nyumba ya namna hiyo haiachwi ife. Mama mwenye nyumba anaoa: anatoa mahari, analeta msichana, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wajukuu wake. Tunaita nyumba ntobhu. Mkamwana huyo mimi namwita wifi, ingawa kaka sina. Na ng'ombe waliomleta ni wale waliotolewa nilipoolewa mimi.

Mama alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vililegea, mdomo ukaenda upande. Nilimchukua kwangu nimfanyishe mazoezi, lakini yalikwama. Ukimwinua mkono kidogo tu, anasinzia. Alikuwa anasinzia na kijiko mdomoni, na kila akiamka kichwa kinamuuma. Watu walisema ni uzee. Mimi nilikaa nikamsikiliza akilala kitini baada ya chakula cha mchana. Anakoroma, kisha kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haiingii. Halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Nikajua.

Huko Mwanza daktari bingwa alimpima, akarudia yale yale niliyomwambia mlangoni: koo linajifunga usingizini, pumzi inakatika, presha inapanda, na ubongo uliokwisha kuumia unazidi kunyimwa hewa. Akiachwa hivyo, kiharusi kinaweza kurudi. Tiba yake ni barakoa ya kufunika pua na mdomo, iliyounganishwa kwa bomba na mashine ndogo inayosukuma hewa ili koo libaki wazi. Aivae kila anapolala.

Mama akakataa. Kila nilipomvisha, aliivuta kwa mkono mzima.

"Unanifunga," alisema, maneno yakimtoka kwa shida.

"Nakutibu, mama."

"Mlete mkamwana."

"Mkamwana anajua nini? Aliyesoma ni mimi."

"Wewe umeolewa. Wewe mgeni. Wa kunilaza ni wa nyumba yangu."

Nimesimama kwenye sakafu niliyoilipia mwenyewe, naitwa mgeni! Nilingoja nikidhani atachoka. Hakuchoka. Presha ndiyo ilikuwa inapanda, na mimi niliyekuwa naipima nilijua maana yake. Nikampigia wifi simu.

Alishuka kwenye pikipiki na kuku kwapani, akasema shikamoo kabla hajafika mlangoni, na uso wa mama ukafunguka kwa namna ambayo haukuwa umenifungukia mimi tangu aanze kuugua. Nilimweleza wifi mashine inavyofanya kazi. Akaijaribu barakoa usoni kwake, akakoroma kwa utani, kisha akamvisha mama, akarudi nyuma na kupiga makofi.

"Mama! Umekuwa ndama wa kuachishwa ziwa! Haya, nyonya sasa tukuone!"

Ndama wa namna hiyo kwetu hufungwa kitu mdomoni ili asinyonye. Mama alicheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii, akacheka mpaka barakoa ikaingia ukungu, na alipomaliza kucheka akajilaza. Akalala, kifua kikipanda na kushuka bila kukatika. Kama tabibu nilifurahi. Kama binti nilisogea kutafuta kosa.

Na kweli, wifi alikuwa amefunga vibaya. Mkanda wa kushoto ulikuwa umelegea, hewa ikawa inapiga mluzi chini ya jicho. Niliyekaza ni mimi. Hilo hakuna anayelisimulia.

Jikoni nilishindwa kunyamaza. "Ng'ombe zangu ndizo zilizokuleta hapa," nilimwambia.

"Najua, wifi. Na zimezaa." Akajipiga tumbo, lilikuwa limeanza kuonekana tena. "Na wewe umemletea mama nini?"

"Mashine!"

"Basi umenishinda. Chumvi iko wapi?"

Wifi alibaki kwangu, na mama akaacha kusinzia. Kichwa kikaacha kumuuma, mazoezi yakashika, na siku moja akanyanyua kikombe kwa mkono wa kulia, chai ikamwagika nusu, sisi wawili tukapiga kelele. Nilishaanza kupanga chumba chake kiwe cha kudumu, nimekiwekea pazia. Sentensi ya kwanza aliyoisema kwa ukamilifu, bila kukwama hata neno moja, ilikuwa: "Nirudisheni kwangu Nyanungu."

Nilimrudisha, nikamnunulia sola na betri kubwa ya kuendesha mashine. Fundi nilimleta mimi. Majirani walikuja kuangalia, wakasikiliza mashine inavyovuma, wakamwambia mama, "Kweli ulioa." Mama akaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na waya mkononi.

Sasa ile barakoa imeanza kuchakaa na lazima ibadilishwe. Nimeagiza ya aina nyingine, ndogo, inayokaa puani tu, kwa kuwa mama siku hizi hafungui mdomo akilala. Nimempima na inamfaa. Mikanda yake inapita juu ya kichwa, siyo nyuma ya shingo, na wifi hajawahi kuiona. Amepiga simu kusema niikabidhi kwa mtu wa pikipiki, atajua mwenyewe pa kufunga.

Nimemwambia hapana. Jumamosi nitafunga duka langu la dawa, nitakwenda Nyanungu, na mimi mwenyewe nitamvisha mama. Yeye aangalie.