Mama Hajaingia Bado

Dada yangu mdogo alipoambiwa na wakala ajitayarishe kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, aliniomba kitu kimoja tu: nimwandikie jinsi mama alivyokuwa. Mama alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa nimeanza shule. Picha ya mama tunayo moja tu, ile ya kitambulisho, na humo amekaza uso kama mtu anayengoja kugombezwa.

"Nataka niende naye," dada alisema kwenye simu. "Wewe ndiye unamkumbuka. Tena wewe unajua kuandika."

Kujua kuandika kwangu ni kwamba nilimaliza darasa la nane, na insha zangu zilisomwa mbele ya wenzangu. Mwalimu ndiye aliyezisoma. Mimi nililaza kichwa juu ya dawati mpaka amalize. Alitufundisha kwamba msahihishaji ni mtu aliyechoka, usipomwamsha kwa mwanzo mtamu atakupita. Kwa hiyo insha zangu zote zilianza na jua. Jua likichomoza, miale ikitandaa, umande ukimetameta, ndege wakitumbuiza. Hata kama insha ilihusu mafuriko, kwanza jua lilichomoza.

Nafanya kazi Nyansiongo, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Mwenyewe anaishi mjini na huja mara chache. Nalala peke yangu katika chumba kilichopakana na zizi, na kuna siku jioni hufika nikiwa sijasema neno ila na ng'ombe. Muda wa kuandika ninao. Maziwa ya asubuhi yakishachukuliwa, hakuna anayeniuliza kitu hadi wakati wa kukata nyasi.

Basi nikaketi na kuanza na jua. Nikaona "miale" ni neno la kila mtu, nikalifuta. Lingine lilipokataa kuja, nikaona ndoo hazijatakata, nikaenda kuziosha tena. Nikanoa panga ambalo lilikuwa kali tayari. Niliporudi, mwandiko ukaniudhi, nikanakili upya kwenye karatasi safi. Mimi huandika polepole sana, na kunakili aya moja kulimaliza muda wote. Nilienda kukata nyasi nimechoka kama mtu aliyefanya kazi kweli.

Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki zikapita hivyo hivyo.

Dada alikuwa akipiga simu akitoka kwenye duka la vitambaa alikoajiriwa, mjini Kisii.

"Umefika wapi?"

"Jua limechomoza."

"Tangu majuzi? Hilo jua si lingekuwa limekausha nguo za Kisii nzima?"

Nilicheka, na yeye akacheka. Akishakata simu, zizi lilinyamaza kuliko mwanzo.

Nilijiambia kwamba natafuta mwanzo unaomfaa mama. Lakini kwenye jua nilikuwa salama. Jua ningeweza kuliandika bila kukumbuka chochote. Nikimleta mama, ningelazimika kuona ni kiasi gani chake kimebaki kwangu, na niliogopa kwamba ni kidogo.

Jumapili moja dada alikuja bila kunipigia. Alishuka kwenye bodaboda na mkate na ndizi mbivu, akamwomba dereva arudi kumchukua jioni.

"Tiketi imetoka," alisema hata kabla ya kuketi. "Nasafiri wiki hii. Leta nione."

Nikampa karatasi. Alisoma ya kwanza akitabasamu, akasoma ya pili, akaanza kuzifunua haraka haraka.

"Hapa jua. Hapa jua. Hapa jua na ndege. Mama yuko wapi?"

"Hajaingia bado."

Nilitarajia mzaha. Hakufanya mzaha. Alizipanga karatasi zikae sawa, akaziweka kitandani.

"Kaka, sikukuomba jua. Jua hata kule liko. Niambie tu, mama alikuwa anakaa vipi?"

Nikafungua mdomo. Mbele ya mtu maneno hunikwama, hata mbele yake. Yeye akachukua ndoo mlangoni.

"Basi andika. Nitakukamulia."

"Hao ng'ombe hawakujui."

"Watanijua leo. Andika, wewe!"

Nikaketi juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, karatasi gotini. Huku nikimsikia akimgombeza ng'ombe, "Simama vizuri, mama yako hakukufunza?", niliandika bila kufuta. Niliandika kwamba mama alichuma majani chai kwenye mashamba ya watu, wewe mgongoni na mimi nyuma yake. Kwamba alifunga fundo la leso kwa meno. Kwamba mvua ya mawe ilipotukuta shambani, alimwaga majani yote aliyochuma, akanifunika kwa kapu, akakuhamishia wewe kifuani na kukuinamia, mawe yakimpiga mgongoni. Kwamba hakuogopa nyoka wala mlevi, lakini aliogopa chura, na akimwona alipanda juu ya kiti na kutuita sisi tumfukuze.

Kisha nikataka kuandika sauti yake akituita. Nikangoja. Haikuja. Nilijua maneno aliyoyasema, lakini yalikuja kwa sauti yangu mwenyewe. Nikaandika: Sauti yake siikumbuki. Nisamehe.

Bodaboda ilikuwa imefika, inapiga honi. Dada alikuja ameloa maziwa hadi viwiko, akajipangusa kwenye sketi, akaisoma karatasi akiwa amesimama langoni. Ilikuwa karatasi moja, na haikujaa. Nilitazama midomo yake. Kwenye mvua ya mawe ilitetemeka. Halafu ikasimama.

"Chura?" akasema. "Chura kweli?"

"Kweli."

"Mimi naogopa chura mpaka leo! Wananicheka dukani. Nilidhani ni ujinga wangu tu."

Akacheka huku machozi yakimtoka, akaikunja karatasi na kuiweka kifuani, si kwenye mkoba. Akapanda pikipiki. Dereva akamuuliza kama ni mimi nimemliza, yeye akamwambia aendeshe.

Nilisimama langoni mpaka mlio ukaisha barabarani. Kisha nikaingia zizini. Ng'ombe mmoja alikuwa bado na maziwa. Nikainama, nikamkamua, na kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu, japo ni ng'ombe, kwamba mama alikuwa anaogopa chura.