Mkutano Usio na Nauli

Mama mdogo wangu alipoamua kugombea uwakilishi wa wadi, hakuomba ushauri wa mtu. Alikuwa ametoka tu kustaafu ukarani wa hospitali. Mimi nilikuwa nimemaliza shahada ya sayansi ya siasa miaka miwili kabla ya hapo, sina kazi, nalala katika chumba chake cha pili kule Kileleshwa. Alinipa habari nikiwa naosha vyombo.

"Wewe ndiwe meneja wa kampeni," akasema. "Angalau hiyo digrii itoke kwenye bahasha."

Mali yake ilikuwa ploti moja Ukambani, aliyoilipia kidogo kidogo kwa miaka kumi na minne. Mnunuzi alikuwa amejitokeza na alitaka jibu kabla ya Jumatatu. Kila aliyewahi kugombea alimwambia auze, kwa sababu mgombea asiyewaachia watu kitu hawezi kumaliza hata mkutano wa kwanza. Mimi nilimwambia asiuze. Nilikuwa na sababu saba, nimeziandika kwenye simu, lakini alininyamazisha nilipofika ya pili.

"Tufanye hivi. Jumamosi tuite mkutano. Hatutoi kitu, hata soda. Wakikaa wakanisikiliza, siuzi. Wakiondoka, nauza niwape wanachotaka."

Kulikuwa na njia nyingine na tayari alikuwa ameikataa. Mfanyabiashara mmoja alitualika nyumbani kwake Kitisuru, akatukaribisha chai na keki, akasema atagharamia kila kitu: mabango, magari, vipaza sauti. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, mama mdogo ana msimamo gani kuhusu vibali vya maghorofa Kileleshwa. Mama mdogo alimaliza chai yake, akachukua mkoba, akashukuru. Tulipofika barabarani akasema, "Huyo hatafuti mwakilishi. Anatafuta askari wa geti."

Ndipo alipolishikilia lile wazo la kampeni kugharamiwa na umma. Alikuwa amelisikia redioni: mwananchi akimchangia mgombea shilingi zake chache, serikali inaongeza kiasi kama hicho, na mgombea hana haja ya kwenda Kitisuru. Vyama vikubwa tayari hupata mgao wao kutoka hazina ya umma. Yeye alikuwa mgombea huru, kwa hiyo hakuwa na mgao wowote. Akanituma mjini nikahudhurie kongamano lililokuwa likijadili jambo hilo, nirudi nimweleze.

Kongamano lilikuwa katika hoteli, na vitambaa vyeupe mezani. Mtaalamu wa kwanza alisema bila pesa za umma, viongozi wetu wataendelea kuwa mali ya waliowalipia. Wa pili alisema ni aibu kumnunulia mwanasiasa vipaza sauti kwa kodi ya mgonjwa anayeambiwa ajiletee glavu. Niliwaunga mkono wote wawili, jambo lililonisumbua hadi nikashindwa kula sambusa. Wa tatu alitukumbusha kwamba sheria ya kuweka kikomo cha gharama za kampeni tunayo kwa miaka mingi, ila kanuni za kuitekeleza huishia mikononi mwa wabunge, ambao ndio zitakaowabana. Watu wakacheka. Sikuelewa kilichochekesha.

Mlangoni tulijaza orodha: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu. Jioni nikatumiwa nauli kwa simu, nauli ambayo ingenifikisha mjini na kunirudisha mara kumi. Nilikuwa nimelipwa kwa kwenda kusikiliza ubaya wa kuwalipa wapiga kura. Kwa siku mbili nilitunga ujumbe wa kuirudisha. Siku ya tatu nikanunua mayai na sabuni.

Ila ile orodha niliipenda. Niliona ndiyo iliyolipa kongamano lile sura ya kazi ya maana. Kwa hiyo Jumatano nilinunua daftari, nikapiga mistari kwa rula, nikazunguka kuwaalika watu mkutanoni: vibanda vya mboga, wanabodaboda wa Adams Arcade, wasichana wa kazi waliotumwa maziwa. Kila aliyekubali nilimwandika jina, kitambulisho na simu. Nia yangu ilikuwa kuambatisha majina hayo kwenye maoni tutakayoipelekea kamati ya bunge kuhusu wazo lile la pesa za umma, iamini kwamba kuna wananchi nyuma yetu. Sikumwahidi mtu pesa. Nimeyarudia mazungumzo yale kichwani mara nyingi sana na nina hakika. Lakini pia sikusema kwamba hakuna pesa. Niliona nikisema hivyo nitakuwa nimewashawishi watu kabla ya mtihani, na mtihani utakosa haki. Hayo ndiyo niliyojifunza chuo kikuu.

Jumamosi ukumbi wa kanisa tuliokodi karibu na Ngong Road ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Mama mdogo alinibana mkono.

"Unaona? Na ulikuwa na sababu saba."

Nilikuwa mlangoni nikifurahi wakati mama mmoja muuza mboga aliponivuta shati.

"Kijana, mimi uliniandika Wednesday. Huyu sister yangu hukumwandika. Muweke."

"Si lazima aandikwe, mama. Anaweza kukaa tu."

"Akae tu?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia dada yake akae juu ya jiko. "Akae tu, halafu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ukumbi umejaa. Nilipaswa kwenda mbele mara moja na kumnong'oneza mama mdogo. Nilianza kupanga nitasemaje bila kumvunja moyo dakika chache kabla hajapanda jukwaani, na nilipopata maneno yanayofaa, tayari alikuwa ameshika kipaza sauti.

Na alizungumza vizuri! Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alieleza habari ya Kitisuru bila kumtaja mtu, akaeleza namna shilingi ya mama mboga ingeweza kuongezewa shilingi ya umma. Mwanabodaboda mmoja akasimama na helmeti yake kwapani.

"Madam, hiyo pesa ya serikali si ni kodi yetu? Mnataka kutuchangisha mara mbili?"

"Saa hii unachanga na hujui," mama mdogo akajibu. "Anayekupa mia mbili leo, unafikiri atairudisha kutoka kwa mfuko wa nani?"

"Sawa. Na serikali ikikupea, wewe utatupea?"

"Hapana. Hiyo ni ya kampeni."

"Na sisi si ndio kampeni?"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Hata mimi nilikaribia kupiga. Kisha yule mama wa mboga akainuka, kwa heshima zote.

"Madam, umeongea poa sana. Sasa ile ya mahudhurio, inaingia kwa simu leo ama Monday?"

"Mahudhurio gani?"

"Si tuliandikwa. ID na namba. Mwenye daftari ni yule kijana pale."

Watu wote wakageuka. Mama mdogo naye akanitazama, na nikaona anaelewa polepole, kama mtu anayesoma barua mbaya. Nilienda mbele nikachukua kipaza sauti. Ningesema sentensi moja, kwamba hakuna malipo, samahani. Badala yake nilieleza kuhusu kamati, kuhusu maoni ya maandishi, kuhusu umuhimu wa ushahidi.

"Ushahidi wa nini?" sauti ikatoka nyuma. "Hawa wanaenda kutusajilisha chama!"

"Mama ni mgombea huru," nikasema. "Hana chama."

"Ndio anatafuta! Futa jina yangu!"

Basi walinizingira. Miaka nenda rudi watu wamejikuta ni wanachama wa vyama wasivyovijua, kwa hiyo hakuna aliyekuwa tayari kunisikiliza. Nikakaa pale mezani nikifuta majina, mmoja mmoja, kila mwenye jina akinisimamia begani ahakikishe limefutika. Mzee mmoja alinifokea kwa sababu namba yake ya kitambulisho ilikuwa bado inasomeka. Aliyefutwa alielekea mlangoni.

"Anayeondoka aende salama," mama mdogo akasema kwenye kipaza sauti. "Mimi sina kitu."

Karibu nusu ya watu walikuwa wameshatoka mvua ilipoanza. Haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote kwa pamoja juu ya mabati, na waliokuwa wamefika mlangoni wakarudi ndani, wakaketi. Hakuna kipaza sauti ambacho kingeweza kushindana na kelele zile. Mama mdogo akakiweka chini, akashuka na kiti chake, akaketi katikati yao. Wakavuta viti karibu ili wasikie. Mtu alimuuliza kwa nini hospitali humzuia mgonjwa aliyeshindwa kulipa bili, na hilo yeye alilijua kuliko yeyote pale. Akaeleza. Wakauliza tena. Yule wa helmeti akabisha. Yule mama wa mboga akamwambia mwanabodaboda anyamaze asikie.

Baada ya muda mama mdogo alisimama, akaja pembeni nilipokuwa, akatoa simu. Alizungumza Kikamba, kwa sauti ya juu kwa sababu ya mvua. Alimwambia mnunuzi kwamba ploti haiuzwi, na asimpigie tena.

Niliona ni wajibu wangu.

"Anti, ni mvua."

"Naisikia."

"Namaanisha hawajakaa kwa sababu yako. Wamekwama."

Alirudisha simu mkobani. "Wamekwama na nani?"

Alirudi kwenye kiti chake, wakampisha apite. Mimi nikasimama dirishani nikiyatazama mawingu upande wa Ngong, nikijaribu kukadiria yamebakiza dakika ngapi.