Mvua Yangu ya Ulezi na Bati

Jamani, chekeni mtakavyo, lakini mkiniona leo nakataa kugusa hata debe kanisani, aibu yangu ndiyo hii.

Nilikuwa nimerudi Mbozi kutoka chuoni Uganda, kichwa kimejaa maswali (hata sala ya chakula niliidai ushahidi), na vijana wa kanisa wakanipa kazi ya sauti kwenye mchezo wa Nuhu, nami nikaona hapo ndipo pa kuonesha elimu. Mvua, niliwaambia, ni kelele zilizopangwa tu: ulezi ukimwagwa ungoni ni manyunyu, mahindi juu ya bati ni matone makubwa, gunia likiburutwa ubaoni ni upepo, na ukizichanganya polepole, nyembamba kwanza, nzito baadaye, hakuna sikio litakalobisha. Bati nilimwomba mama. Alikuwa nalo moja tu, la kwanza la nyumba aliyoitamani miaka yote; mengine yangetoka kwenye kahawa aliyoianika mikekani uani.

Siku yenyewe, mchana, tuliziba madirisha kwa mablanketi ili gharika iwe na giza, nikajibanza na ungo upande mmoja wa safina ya matete, binamu yangu Yona na bati upande wa pili. Tulipoanza tu, akina mama wakatimka kwenda kufunika kahawa! Walifika mlangoni, wakakuta jua linawaka.

"We mtoto wa Naomi, utatuua kwa presha!" mmoja akafoka.

Nikatoka na ungo wangu, kifua mbele. "Mama zangu, mwezi huu mvua hainyeshi. Mnaamini masikio kuliko akili?"

Wakacheka, wakakaa, mlango ukafungwa, na mama yangu alicheka kuliko wote (alijivunia mwanawe, masikini).

Gharika ilipokolea mikono ikachoka, nikaweka ungo chini, mvua ikaendelea. Nikajua ni Yona. Ikapiga ngurumo moja nzito hadi benchi zikatikisika, nikasema moyoni, huyu amefuzu.

"Eliya!" mama akaita kutoka mbele. "Ni ninyi?"

"Ni sisi, mama! Kaa!"

Kisha nikachungulia upande wa pili. Yona amekalia bati, anatafuna karanga.

"Kaka, leo umepatia," akasema. "Hiyo ngurumo unaifanyaje?"

Tulikimbia nyumbani, lakini mikeka ilikuwa inaelea na kahawa imeshuka na tope hadi mgombani. Majirani wengi walikuwa wameacha watu nyumbani wa kufunika. Mtu wa mama alikuwa kanisani, anamwaga ulezi.

Hakunigombeza. Aliinama kwenye tope akaanza kuokota, na hata hiyo aliyookota iliota ukungu.

Nyumba yetu bado ni ya nyasi, na lile bati limeegemea ukuta wa nje. Mvua ikilipiga, mama hunitazama, huuliza taratibu, "Eliya, ni ninyi?" Nami niliyemhoji kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe, siku hizi natoka kwanza nje, nakinga mkono.