Majani ya Viazi Gani?

Ipo asubuhi moja ya Ijumaa, mwanangu, ambayo miaka yote hii sijaisahau, wala sitaki kuisahau. Nilikuwa Kawempe, Kampala, mke mchanga wa miezi saba tu, nimesimama mbele ya banda la sungura ambao hawakuwa wangu, na mikononi nimekumbatia majani mabichi niliyoyapanda mwenyewe. Nilikuwa na furaha kweli kweli, nikijiona nimepata kitu cha maana cha kumfanyia jirani.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Najua mnapenda kufikishwa haraka, lakini mimi mwendo wangu ndio huu.

Nilizaliwa Kinangop, Kenya, kwenye baridi na ukungu, mahali ambapo kiazi ndicho chakula cha asubuhi, cha mchana na cha jioni. Mume wangu alikuwa fundi wa magari, akapata kazi Kampala, tukapanda basi na mizigo yetu miwili. Tulipanga chumba kwenye ua wa mama mmoja Mnubi, katika wale ambao babu zao waliletwa zamani kutoka Sudan kuwa askari. Ua mzima ulimwita Haboba, maana ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi, na mimi nikafuata hivyo hivyo.

Nilikuwa mpweke, mwanangu. Joto la Kampala lilinichosha, Kiganda sikukijua, na nilimkumbuka mama yangu mpaka nikawa naumwa kichwa. Siku tuliyoondoka nyumbani alinifungia viazi kwenye leso, na sikuwa na moyo wa kuvipika. Vilipochipua nikavipanda kwenye madebe matano ya mafuta, nyuma ya chumba. Mume wangu alinicheka, akasema kwenye joto lile havitazaa kitu. Alisema kweli, vilizaa vidogo kama gololi. Lakini majani yake yalistawi vizuri sana! Nilikuwa nikikaa kando ya madebe yale, nachuma jani, nalisugua vidoleni na kulinusa, na kwa muda kidogo nakuwa shambani kwa mama. Usinicheke.

Haboba alikuwa na binti mmoja tu, Zaituni, aliyeolewa Kibera, kule Nairobi. Kabla ya kuondoka Zaituni alimwachia mama yake sungura jike wa kijivu, akamwita Sukari. Kila barua yake iliuliza habari za Sukari kabla ya kuuliza habari za mtu yeyote. Nayajua hayo kwa sababu barua zile nilimsomea mimi. Haboba hakujua kusoma, na kwa kuwa nilitoka Kenya aliniona kama nimetumwa na mwanawe. "Wewe umetoka kwao kwa Zaituni," alikuwa akiniambia, na kunisogezea kikombe cha chai ya tangawizi.

Sasa hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Sisi Wakenya tukifika Kampala tunajiona ndio wenye Kiswahili, hata sisi wa Kinangop ambao tulikipata kwa viboko vya mwalimu. Kiswahili cha Haboba kilijipangia mambo yake chenyewe. Nami nikirudi chumbani namwigiza, mume wangu anacheka mpaka anashika mbavu. Mama wa watu aliyeninywesha chai! Leo natamani niisikie sauti ile ikisema "maji iko", hata mara moja tu.

Basi Ijumaa ile Haboba alipata habari ya msiba kwa ndugu zake Bombo. Akaniita akiwa tayari amejifunga mtandio.

"Binti, mimi nakwenda Bombo kwa kilio, narudi Jumapili. Sukari iko na watoto sita, inataka kula vizuri ndio maziwa inatoka. Asubui patia yeye majani ya viazi, jioni tena majani ya viazi. Maji badilisha. Kama iko kitu hujui, uliza sasa."

"Najua, Haboba," nikamjibu. "Viazi tena? Hivyo navijua mimi."

Alikuwa na matuta ya viazi vitamu ng'ambo ya mfereji, pale kinamasi kinapoanzia, na kila mtu uani, isipokuwa mimi, alijua kwamba huko ndiko anakokata chakula cha sungura. Mimi nilipita hapo kila wiki nisiulize ni ya nani. Kwangu kiazi kikitajwa bila jina la pili kilikuwa kimoja tu, kile cha mviringo cha kwa mama. Kwa hiyo nikaenda kwenye madebe yangu, nikakata majani yale niliyokuwa nikiyanusa, nikampelekea Sukari.

Akanusa, akageuza kichwa.

Nakwambia ukweli, mwanangu, hapo niliingiwa na shaka. Nilimkumbuka mama akimfukuza ndama kwa fimbo kwenye shamba la viazi. Haboba alikuwa bado yuko getini, hatua ishirini kutoka nilipo, anamngoja mpwa wake aje kumchukua. Ilikuwa nitembee hatua hizo tu. Lakini nikaona haya. Mtu anayemsomea mwenzake barua, atarudije kumwuliza maana ya viazi? Nikachukua majani ya karoti, nikayakatakata, nikayachanganya na yale mengine ili yamvutie. Haboba akaondoka. Sukari akala.

Alikula asubuhi hiyo na jioni, na Jumamosi asubuhi akala tena. Mchana wake nikamkuta amejikunja kwenye kona, mate yanamtoka, watoto wanamtafuta chuchu naye hata hawatazami. Nikabadilisha maji. Nikabadilisha nyasi za kulalia. Mume wangu akasema, "Waulize majirani, huyu ni mnyama wa watu." Nikakataa. Niliogopa wataniona mshamba.

Haboba alirudi Jumapili alasiri. Hakwenda hata chumbani kwake, alikwenda moja kwa moja kwenye banda.

"Amekula nini?"

"Majani ya viazi, Haboba. Kama ulivyosema."

Hakuna neno la uongo hapo, na neno hilo ndilo lililompoteza Haboba. Alidhani ni homa ya maziwa. Alimkanda matiti kwa maji ya uvuguvugu, akamfunika kipande cha kanga, na kwa jinsi alivyokuwa muungwana akanigeukia akaniomba radhi. "Pole, binti. Mimi nimekuachia mgonjwa." Nami nikaipokea pole ile.

Jumatatu asubuhi Sukari alikuwa amekufa.

Haboba alipokuwa akisafisha banda alitoa shina moja lililobaki, akaligeuza geuza mkononi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Hii nini?"

"Majani ya viazi."

"Hapana. Hii ni ayirishi. Mimi nikisema viazi, nasema ile ya kutambaa chini. Ayirishi majani yake ni sumu, hata mbuzi tunakataza. Na sungura haina kutapika, binti. Ikishaingia, imeingia."

"Kwetu hivi ndivyo tunaita viazi."

"Kwenu, sawa. Lakini mimi nilikuwa pale kwa geti nangoja. Kwa nini hukuuliza, viazi gani?"

Nililia, mwanangu. Nikamwambia kila kitu, kwamba niliona haya, kwamba Sukari aliyakataa nikamshawishi kwa karoti, kwamba jana nilipokea pole isiyo yangu. Nilingoja anifukuze uani. Alikuwa na haki ya kunifukuza.

Akaketi chini, palepale kwenye vumbi, na shina lile mkononi.

"Zaituni iko kwenu miaka mbili sasa," akasema. "Kila kitu huko iko na jina ingine. Na Zaituni haulizi, mimi nimezaa yeye, namjua. Ni kama wewe. Sasa huko nani anaona yeye amekosea, nani anamwambia?"

Sikuwahi kumwona Haboba akilia. Siku ile alilia, na haikuwa kwa ajili ya sungura. Nikaketi karibu naye, nami nikamlilia mama yangu, kila mmoja na wake, mpaka jua likatufikia pale tulipokuwa.

Watoto sita wa Sukari walikuwa ndio kwanza wanafumbua macho. Kila siku asubuhi na jioni tuliwanywesha maziwa ya mbuzi kwa pamba, mimi nimewashika na Haboba anakamua pamba polepole. Wawili walikufa, wanne wakapona. Walipoanza kutafuna, alinipeleka mwenyewe ng'ambo ya mfereji. Alikuwa akichuma jani na kulishika mbele ya macho yangu. "Hii nini?" Nami sharti niseme jina la kwetu na jina la kwao, ndipo lipite. Nikikosea ananipiga kidogo begani na jani hilohilo. Zilikuwa siku nzuri zile, na sikujua kwamba ni nzuri, nilijua tu kwamba jua ni kali na miguu yangu ina matope.

Kisha akaniita nimwandikie Zaituni. Akatamka, nikaandika: "Sukari imekufa, watoto wanne iko. Huko kama iko kitu hujui, uliza. Usione haya. Mama yako haikuzaa mtu wa kujua yote." Niliandika hivyo hivyo alivyosema. Sikusahihisha hata neno moja.

Sasa nisikilize, wewe unayefuga sungura nyuma ya chumba chako cha kupanga, Kyambogo au popote ulipo. Chakula chake kikubwa ni nyasi, mboga ni za kuongezea tu. Majani ya viazi vitamu mpe, ila yakate na uyaache yanyauke kidogo kivulini, yasiwe na maji, maana ya maji humvimbisha tumbo. Ile kishona nguo inayokung'ang'ania kwenye sketi, Waganda wanaiita sere, anaipenda sana. Sukuma wiki na mchicha mpe kwa kiasi, kabichi kidogo mno kwa sababu ya gesi, na karoti yenyewe iwe kama peremende kwa mtoto. Majani unayookota sokoni yanakaa na dawa ya wadudu. Yaoshe vizuri, na kama hujui yametoka wapi, yaache. Majani ya ayirishi na ya nyanya usimpe hata moja, wala ya mhogo mabichi, wala vitunguu, wala parachichi, si jani si ganda. Na akinusa kitu akageuza kichwa, usimchanganyie karoti. Mwamini.

Lakini hilo la mboga ungeweza kuambiwa na mtu yeyote. Ninalotaka ushike ni neno moja, gani. Mtu akikuagiza, mwulize gani. Mwulize akiwa bado yuko getini. Haya ya kuuliza inapita kabla hata hujamaliza kulitamka neno. Nyingine ile, ya kutouliza, mimi ninayo mpaka leo na nina mvi.

Haboba amelala Bombo. Siku hizi maswali yananijia mengi, ya kipumbavu hasa. Ile chai yake alitia tangawizi kabla ya majani au baada? Jani lile dogo la kando ya mfereji, lenye ua la zambarau, aliliitaje? Nalishika mkononi, nalinusa, nageuka kumwuliza. Kila mara nageuka.

Kwa hiyo niulize mimi, mwanangu, nikiwa bado nipo. Mwulize mama yako, mwulize jirani yako hata kama Kiswahili chake kinakuchekesha. Mungu akulegezee ulimi mahali pa haya, ailinde mikono yako na kila unachokilisha, na kila utakapogeuka kuuliza, akukutanishe na mtu wa kukujibu.