Beji ya kijani na kikapu cha samaki

Shule niliiacha mapema, na mji mzima wa Baraka unajua kwamba akili yangu haikubaki kule. Lakini juzi, kwenye bureau, ile ofisi ya kompyuta, hasira ilinipanda hadi nikasahau kutania.

Mama muuza samaki aliingia na kikapu kichwani. Ujumbe wa simu, kutoka programu ya ratiba za boti, ulikuwa umemwambia boti ya kwenda Uvira inaondoka asubuhi. Akangoja ufukweni mpaka jua la mchana. Boti haikuja, samaki wakaharibika.

"Mutoto wangu, programu yako iko nadanganya bantu," alimwambia kijana aliyeitengeneza, aliyeketi mbele ya kompyuta.

Kijana hata shingo hakugeuza. Aligonga kioo cha kompyuta kwa kalamu, kwenye ukurasa wa maelezo ya programu yake. Juu kabisa palikuwa na beji ya kijani: INAFANYA KAZI.

"Ona, mama. Iko muzuri."

"Nani ameibandika?" nikauliza.

"Inajibandika yenyewe, kila nikiandika maelezo."

"Bila kupima?"

"Kupima, tutapima."

Jamani! Mimi nikijisifu, najisifu kwa mdomo wangu mwenyewe. Sijaweka mashine ya kunisifu nikiwa nimelala!

Mama akashusha kikapu mbele ya kompyuta, akafunua majani. "Hii samaki itabaki hapa mpaka hiyo kijani itoke."

Kijana akaziba pua kwa mkono mmoja, kwa mwingine akafuta beji. Mahali pake akaandika mwenyewe, kwa herufi nyekundu: BADO HAIJAPIMWA. Aliandika haraka kweli, akipumua kwa mdomo.