Siku Niliyomburuza Mama Mkwe Kwenda Kuona Pundamilia

Nichekeni kwanza, mmalize, ndipo niwasimulie vizuri, maana aibu hii hapa Ngara inasimuliwa na kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe, na kila anayeisimulia anaongeza lake (fundi cherehani jirani yangu anasema nilikuwa nimevaa taulo, si kweli, nilikuwa na kanzu, tena nyeupe, tena mpya).

Mimi nauza magodoro karibu na stendi. Asili yetu ni pwani, na mke wangu Zuhura nilimwoa Tanga. Mama yake alikuwa hajawahi kufika kwetu, na mimi kila nikiongea naye kwenye simu namwambia huku pundamilia tunawaona kama kuku, unafungua tu mlango (pundamilia mwenyewe nilikuwa nimemwona kwenye kalenda). Basi mwaka huu, mvua zimekolea, mama mkwe akaja. Hajamaliza hata kikombe cha kwanza cha chai akaniuliza, "Haya mwanangu, hao pundamilia wako wako wapi?"

Nikampigia rafiki yangu Deo, mkulima wa Nyabusozi kule Biharamulo. Akasema tuje tulale kwake, kwa sababu majani yameota bondeni nyuma ya shamba lake la mahindi na asubuhi pundamilia hushuka kutoka porini kuja kula. Shida ni njia ya kutoka kwake kwenda bondeni, tope tupu, pikipiki haipiti. Ila yeye ana gogo lenye panda la kubebea mavuno, halina magurudumu, limepigiliwa mbao juu, na ng'ombe wawili wakiliburuza linateleza juu ya tope kama sabuni. Mama mkwe aliposikia hilo akafurahi kuliko watoto, akasema ameona kwenye televisheni Wazungu wanaburuzwa hivyohivyo juu ya theluji, wamejifunika mablanketi, wanakwenda kutazama wanyama, kwa nini yeye asiburuzwe.

Asubuhi tukaweka godoro jipya juu ya zile mbao (nilikuja nalo zawadi kwa Deo), mama mkwe akaketi, akajifunika shuka, akatengeneza ushungi wake. Deo akashika kamba aongoze. Hapo ndipo nilipoharibu. Niliona si vizuri mkwe aone mtu mwingine anaendesha na mimi natembea nyuma kama mzigo, nikamwambia Deo, "Leo niachie mimi." Deo akanitazama, akasema, "Sawa, ila wakitaka kupinda kulia usiwaruhusu." Nikajibu ndiyo, ndiyo, huku naweka kofia sawa, na neno lenyewe likapita juu ya ile kofia.

"Mwanangu, hawa ng'ombe wakujua?" mama mkwe aliuliza.

"Wananijua, mama."

Tukaondoka vizuri kabisa, nimekaa mbele na kamba yangu, Zuhura na Deo wanafuata kwa miguu, mpaka tulipofika njia panda, na wale ng'ombe wakapinda kulia. Nikavuta kamba, wakadhani ninawahimiza, wakaanza kukimbia, na njia yenyewe ni mteremko. Nyuma nikasikia, "Ya Rabi," kwa sauti ya upole tu, nikageuka, mama mkwe hayupo na godoro halipo, vimeteleza pamoja na kwenda kutulia kwenye majani kando ya njia, naye bado ameketi vilevile na shuka lake. Na mimi siwezi kusimama, naendelea kushuka.

Kumbe ile njia ya kulia inakwenda kwenye josho, na siku ile ilikuwa siku ya kuogesha mifugo, kijiji kizima kiko pale na ng'ombe zao. Kama hamlijui josho, ni mtaro mrefu wa saruji umejaa maji ya dawa ya kupe, ng'ombe anaruka upande huu, anaogelea, anatokea upande ule. Ng'ombe wa Deo wakaenda moja kwa moja kwenye foleni bila kumsalimu mtu. Nikaona wataingia na gogo lao, nikaruka, nikawatangulia, nikasimama ukingoni nimetandaza mikono kama trafiki. Walisimama, siwasingizii. Mmoja tu alininusa na kunisukuma kidogo kwa pua, na ile saruji ilikuwa imelowa.

Nilizama kichwa na kofia. Nilipoibuka kulikuwa na ndama mbele yangu na fahali nyuma yangu, na mtu hawezi kurudi nyuma mle, ikabidi niogelee na foleni mpaka mwisho, nikapanda ngazi za ng'ombe kanzu imegeuka rangi ya chai. Mwangalizi wa josho akaniangalia bila kucheka, akauliza wenzake, "Huyu naye ni wa zizi gani?"

Watu wakanimwagia ndoo kwa ndoo za maji safi, mama mmoja akanipa kitenge nijifunge, mzee mmoja akanishika bega, "Pore sana, shehe." Nikamshukuru, nikakimbia kupanda mlima, maana nilishaona mama wa watu amevunjika mguu na ndoa yangu imevunjika naye.

Nikamkuta ameketi kwenye godoro amenyoosha miguu, Zuhura na Deo pembeni yake, wote wanatazama bondeni.

"Mama, umeumia?"

"Nimeumia wapi. Wamepita hapa, mwanangu, mama zao na watoto wao, milia kama mashuka ya hospitali. Mmoja amesimama akanitazama hivi."

"Wako wapi sasa?"

Zuhura akaziba pua. "Wameisikia harufu yako wakakimbia."

Mama mkwe akaniangalia kuanzia kitenge mpaka nywele, akajaribu kujizuia kwa heshima ya mkwe, akashindwa, akacheka mpaka akalala chali. Jioni ile Tanga nzima ilikuwa imeshapigiwa simu.

Tangu hapo mgeni akiniuliza kuhusu wanyama namwambia huku kwetu kuna mahindi, mihogo na maharage, hayo mengine aulize wenyeji. Mama mkwe ameshasema mvua zijazo anarudi. Karibu sana, mama. Deo ataongoza, na mimi, Mungu akipenda, nitabaki Ngara nauza magodoro.