Jezi Namba Kumi na Moja ya Valbrune

Ukitaka kumwona mama Sikujua amekasirika, mwambie mumewe hakuwahi kucheza mpira wa kikapu Ufaransa. Wapo waliojaribu. Kanisani kwao Gaithersburg kuna mzee mmoja mcheshi, Ndirangu, ambaye siku moja kwenye chai baada ya ibada alisema kila marehemu wa Kongo alikuwa ama bingwa ama mtoto wa chifu. Mama Sikujua aliweka kikombe chini, akafungua pochi, akatoa picha iliyochakaa pembe. Wanaume kumi na wawili wenye bukta fupi za kutia aibu, wamejipanga mbele ya ukuta wa matofali, na mmoja tu kati yao mweusi, mrefu, namba kumi na moja kifuani. Ndirangu aliomba radhi, na chai hakuongezewa.

Ana miaka hamsini na saba. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza wanaposimulia jambo lile lile kwa mara ya tisa. Hiyo ya mwisho anaiweza kuliko wenzake wote, maana kwa mumewe alipata mazoezi ya kutosha. Aliolewa na Boniface kule Bukavu mwaka 1989, wakafika Marekani mwaka 2003, akamzika hapa hapa Maryland mwaka 2016. Miaka yote hiyo Boniface alisimulia fainali ya Valbrune. Aliisimulia harusini, aliisimulia kambini walipokuwa wakimbizi, aliisimulia kwa nesi aliyekuwa akimpima presha. Sekunde nne zimebaki, wako nyuma kwa pointi moja, mpira umo mikononi mwake. Sikujua alikuwa anajua mahali pa kushangaa, na alishangaa kila mara, kwa sababu alimpenda.

Sasa, mwezi wa tisa, ikaja barua pepe. Klabu yenyewe, Étoile de Valbrune, ilikuwa inakuja Marekani kucheza mechi za kirafiki kabla ya msimu, na mojawapo ingechezwa College Park, na timu ya chuo kikuu. Wangependa, wakati wa mapumziko, kumkabidhi mjane jezi ya Boniface mbele ya watu. Wakaambatanisha na kitabu kizima cha historia ya klabu, kurasa mia mbili na kitu, kwa Kifaransa. Sikujua alisoma kwa masista, Kifaransa hakimpigi chenga. Akawa anakisoma kwenye simu ndani ya gari, mchana, kati ya mzee mmoja na mwingine.

Kitabu kilimshangaza kuliko alivyotarajia. Alidhani atakuta majina na vikombe. Akakuta mji wa watu elfu nane uliokataa kufa. Mwaka 1931 padri mmoja alipigilia kikapu ukutani mwa ghala la nyasi ili vijana wa viwanda vya ngozi wapate pa kwenda Jumamosi zaidi ya kilabuni. Wakati wa vita ghala likajazwa viazi, na vita vilipoisha watu walicheza kabla paa halijarudishwa, mvua ikiwanyeshea. Wanawake walifuma jezi kwa mkono. Viwanda vya ngozi vikafungwa kimoja baada ya kingine, na kila kilipofungwa kimoja watu waliongezeka uwanjani. Mwaka 1986 wakapanda ligi kuu, wakajenga uwanja wa kuingiza nusu ya mji. Sikujua alifikiria Bukavu yake, ni nini kilichobaki kimeandikwa cha miaka tisini. Watu hawa walikuwa hawajatupa hata karatasi moja.

Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili ulikuwa na picha ya fainali ya mwaka huo wa 1986. Namba kumi na moja yuko hewani, mpira ndio kwanza unamtoka mkononi. Sikujua aliipanua kwa vidole viwili. Akaipanua tena.

Mkono ulikuwa wa kushoto.

Boniface alikuwa mtu wa kulia katika kila kitu. Wa kushoto alikuwa mdogo wake, Fidelis, yule waliyefanana mpaka mama yao alikuwa anawachanganya kwa mbali, yule aliyechapwa utoto mzima kwa kula na mkono mbaya.

Hakusubiri Jumapili, siku ambayo Fidelis huja kumtengenezea hiki na kile nyumbani. Aliendesha mpaka Springfield, akamkuta shemeji yake ameegesha basi dogo la kituo cha wazee analoendesha, anafuta viti. Hakumsalimu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alimwonyesha simu, akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "njo" ni "ndiyo":

"Shemeji, huyu njo weye."

Fidelis alitazama picha kwa muda mrefu, kitambaa bado kiko mkononi. Kisha akakaa kwenye ngazi ya basi. "Njo miye," akasema.

Akamweleza, taratibu, bila kujitetea. Goti la Boniface liliharibika mwezi wa tatu mwaka ule. Klabu ingejua, ingemrudisha nyumbani. Fidelis alikuwa anasoma ufundi mji wa jirani, na mpira walikuwa wamejifunza pamoja. Basi kila Jumamosi alikuja na treni, akavaa jezi ya kaka yake, akatoa leseni ya uchezaji ya kaka yake. Refa alitazama picha, akatazama uso, akaona Mwafrika mrefu, akapitisha. Mechi sita. Ya sita ndiyo fainali. Sikujua alimuuliza aliwezaje kukaa harusini, akasikiliza hadithi ile, akanyamaza. Fidelis alisema hakunyamaza, alipiga makofi, kwa sababu kaka yake aliisimulia vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza.

"Alikuwa yaya yangu," akasema, kwa neno la kwao la kaka mkubwa. "Aliniomba."

Sikujua alirudi nyumbani akiwa na hasira za kugawia watu na zikabaki. Alimkasirikia Boniface kwa kumdanganya miaka ishirini na saba. Alijikasirikia mwenyewe kwa chai aliyomnyima Ndirangu. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukipatia jina upesi, nacho kilimhusu Fidelis: mtu amebeba jambo kubwa namna ile karibu miaka arobaini, amelibeba akitengeneza bomba la jikoni kwako, na hajawahi hata kuchechemea. Alimwogopa kidogo, kama mtu anavyoogopa mahali patakatifu. Na Jumamosi ya mechi ilikuwa inakuja. Akipokea jezi ile kwa jina la mumewe, atakuwa anamwibia aliye hai. Akisema ukweli, atamwaibisha marehemu asiyeweza kujibu. Katikati ya mambo hayo mawili hakuona njia.

Jumamosi mchana alimlazimisha Fidelis aje, akamketisha pembeni yake. Uwanja ule wa chuo ni mkubwa kama mji, na vijana wa Valbrune walipoingia na jezi zao za kijani Fidelis aliinamisha kichwa. Kabla ya mapumziko akaja mama mmoja wa Kifaransa, mwembamba, nywele nyeupe, amekumbatia daftari nene. Akajitambulisha: Madame Odile. Amekaa meza ya kuandika pointi za Valbrune tangu mwaka 1979, na kila mechi ameiandika kwa mkono wake. Alimpa Sikujua mkono. Kisha akamgeukia Fidelis, akamtazama, akasema kwa Kifaransa, kwa utulivu kabisa:

"Umechelewa kurudi, bwana. Tulikuwa tunakusubiri."

Madame Odile akaketi, akamwambia kwamba mji wote ulijua. Ulijua tangu mechi ya kwanza. Boniface alikuwa akinunua mkate kila asubuhi akichechemea, na mtu anayechechemea Ijumaa haruki vile Jumamosi. Mwoka mikate alijua, padri alijua, watoto wa shule waliambiwa wafunge midomo na wakaifunga. Lilikuwa kosa, alisema, kanuni ni kanuni. Lakini walimwona Boniface jukwaani, ndani ya koti lake zito, akimfokea mdogo wake kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa, na kila mpira ulipoingia alilia waziwazi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Watu elfu nane. Sikujua alikuwa ameshindwa kuamini ukimya wa mtu mmoja, na kumbe nyuma ya mtu huyo kulikuwa na mji mzima umenyamaza naye, bila Fidelis kujua, mpaka waliokuwa watoto wamezeeka.

Madame Odile akafungua daftari kwenye magoti yake. Kila ukurasa ulikuwa wa wino. Katika mechi sita za mwaka 1986, mstari wa namba kumi na moja peke yake ulikuwa wa penseli. Aliogopa wino, alisema, kwa sababu wino ungekuwa uongo wake yeye. Sasa alikuwa amebakiza miezi michache tu mezani, na hangemwachia mtu mwingine mistari ile. Akatoa kalamu, akawatazama wote wawili, hakujua amuulize nani.

Fidelis alisema wampe jezi mjane, waache jina lilivyo. Ni jina la yaya.

"Hilo jina njo langu sasa," Sikujua akamwambia. "Na miye nasema waandike lako." Kisha akaongeza kwamba Boniface atagombezwa na yeye mwenyewe watakapokutana mbinguni, na Boniface ajiandae.

Madame Odile akaandika Fidelis kwenye mechi ya kwanza, kwa wino, polepole, akafunua, akaandika ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Alipofika kwenye fainali Fidelis aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hapa andika wote wawili," akasema. "Sekunde nne zilipobaki niliogopa, nikataka kutoa pasi. Yeye njo alinipigia kelele nirushe."